Jeti Iliyopotea Juani

Foleni ya vifurushi pale posta siku hiyo ilianzia dirishani, ikaizunguka nguzo, ikatokeza nje mpaka kwenye ngazi. Feni ilikuwa moja, nayo iliwapulizia makarani tu. Watu walijipepea kwa karatasi zao, na kila mmoja aliamini kwamba aliye mbele yake anachelewesha makusudi.

Aliyefika dirishani saa hiyo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, shati lake la bluu limenyooka kwa pasi, lakini kucha zake zilijaa vumbi jeupe kama ametoka kukanda unga. Nyuma ya kioo alikaa karani wa vifurushi, dada mwenye blauzi ya rangi ya machungwa, nywele zimesukwa kwenda nyuma na kalamu imechomekwa ndani yake.

"Hapa umeandika 'kifaa'," karani alisema bila kuinua uso. "Kifaa gani?"

"Injini."

"Injini ya nini?"

"Ya ndege."

Karani akainua uso. Foleni ikanyamaza kusikiliza.

"Kaka yangu, ndege gani hiyo injini yake inaingia kwenye boksi la viatu?"

"Ndogo. Ya rimoti. Lakini ni jeti kabisa, dada, inakunywa mafuta ya taa."

"Inakunywa. Na kula inakula nini?"

"Inakula usingizi wangu. Mwaka wa tatu huu."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akacheka mpaka mtoto akaamka. Karani akajikaza asicheke, akarudi kwenye karatasi. "Na tarehe umekosea. Umeandika ya mwezi ujao."

"Duh! Una macho makali, dada. Na mazuri, kama hutanishtaki."

Alisema kwa mzaha tu, akachukua boksi lake akaenda zake. Hakujua amefanya nini. Ndani ya mkoba wa karani, chini ya meza, kulikuwa na miwani nene. Herufi ndogo za fomu alizisoma bila shida, lakini kitu kikishapita mita chache mbele yake kilikuwa ukungu mtupu. Mchumba wake wa zamani alizoea kumwita "Chupa" mbele ya rafiki zake, na siku alipomwacha alimwambia amechoka kutazamwa kupitia vitako vya chupa za soda. Tangu hapo miwani ilivaliwa nyumbani, na njiani kama hakuna anayemjua. Sasa amekuja mwanamume nadhifu, amemsifia macho mbele ya foleni nzima. Ungekuwa wewe, ungeitoa mkobani?

Baada ya siku tatu mwanamume akarudi, safari hii bila karatasi.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Namba yako ya simu."

"Hiyo haitoki bila kitambulisho."

Akatoa kitambulisho, akakiteleza chini ya kioo. Karani akakikagua pande zote mbili, akaandika namba nyuma ya stakabadhi, na tangu siku hiyo simu zikawa haziishi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia, kwenye chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno. Karani alipokwenda kumtembelea alikuta taya za plasta zimepangwa rafuni safu tatu, harufu ya nta iliyoyeyuka, na kijitaa cha moto juu ya meza.

"Wote hawa wanakucheka wewe?" aliuliza.

"Wananicheka kwa sababu nakupigia simu hata kabla sijanawa mikono."

"Wana haki."

Alimwita Fundi, naye akamwita Karani wangu, na majina hayo yaliwatosha hata pale walipokuwa wawili peke yao. "Fundi, umekula?" "Nimekula, laazizi. Nina taya la mzee mmoja hapa, linanikenulia." "Lisalimie." Ndiyo mazungumzo waliyokuwa wakiyamaliza kwa dakika arobaini. Na kwa miezi minne yote hiyo, miwani ilikaa mkobani. Wakienda mahali, Karani alimshika mkono kwa nguvu, na Fundi alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli, lakini pia alikuwa haoni ngazi.

Jeti ilikamilika mwezi wa tano. Ilikuwa na urefu wa kimo cha mtu, nyeupe, tumbo jekundu, kila skrubu imekazwa na kusawazishwa kwa zana za meno. Jioni moja Fundi alimfunulia shuka lililoifunika, akasimama kando mikono imekunjwa nyuma, anaogopa kusikia atasema nini.

"Ni nzuri mno," Karani alisema, na kwa kuwa ilikuwa karibu, aliiona vizuri.

Wenye mchezo huo walikutana kila Jumamosi nje kidogo ya mji, kwenye kipande cha lami kilichoachwa na kiwanda kilichofungwa. Walikuwa kumi na saba, na watu wa kila aina. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Alikuwepo fundi bati. Alikuwepo mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mji ule, sasa akiunda ndege nyepesi zisizo na injini na kuwagombeza watu wazima kama aliwatoa tumboni yeye mwenyewe, na baadhi yao kweli aliwatoa.

Sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba anayerusha hasimami peke yake. Nyuma ya bega lake husimama mwangalizi, na kazi ya mwangalizi ni moja tu, kutazama. Mrushaji akipotewa na ndege huuliza iko wapi, mwangalizi huonyesha kwa kidole, na mrushaji hutii hapo hapo, maana sekunde ya kubishana ndiyo inayoangusha ndege. Kila Jumamosi aliyemsimamia Fundi begani alikuwa mkunga. Lakini Jumamosi ya jeti, Fundi alivuka lami mbele ya watu wote akamfuata Karani, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli na gauni lake la kijani na raba nyeupe mpya.

"Leo nataka wewe usimame begani kwangu."

Miluzi ikapigwa. Katika klabu ile, kumwomba mtu asimame begani lilikuwa neno zito, lilikaribia kumpeleka nyumbani kwa wazazi.

"Mimi sijui kitu, Fundi. Mama yupo, amezoea."

"Kuna nini cha kujua? Wewe tazama tu. Macho yaliyoiona tarehe yangu yatashindwa na jeti?"

"Nenda, binti," mkunga alisema. "Mimi miguu imeniuma."

Mkono wa Karani uliingia mkobani, ukaigusa miwani. Watu kumi na sita walikuwa wanamtazama na kutabasamu. Alisikia lile jina, Chupa, wazi kabisa kana kwamba kuna mtu amelitamka pale uwanjani, na mkono ukatoka mtupu. Akasimama, akamfuata.

Jeti iliwaka kwa mlio uliomtetemesha mbavu. Ikakimbia kwenye lami, ikanyanyuka, na kabla hajavuta pumzi mara mbili ilikuwa imemponyoka machoni. Ukungu na mlio, basi. Alijiambia kwamba Fundi anaiona, na kwamba hatauliza. Mizunguko mitatu ikapita salama. Fundi alikuwa anacheka peke yake kama mtoto, vidole viwili vikisukuma vijiti vya rimoti, na Karani akaanza kuamini kwamba siku itaisha hivi hivi.

Mzunguko wa nne ulipita juu yao kuelekea magharibi. Fundi alianza kuikunja kona, na jeti ikaingia kwenye jua la saa tisa.

"Iko wapi?"

Hakujibu.

"Karani, iko wapi?"

Upande wa mashariki kulikuwa na nukta, kitu cheusi kinachoelea. Ndicho kitu pekee angani alichoweza kukiona. Kidole chake kikanyanyuka kabla akili haijakubali. "Ile pale! Mashariki!"

Fundi akatii. Alidhani kona imekwisha na jeti imeshageukia mashariki, akaiweka sawa iende moja kwa moja. Shingo zote uwanjani ziligeukia kidole cha Karani. Nukta haikugeuka alipoigeuza, haikupanda alipoipandisha. "Hainisikii," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Hainisikii!" Akainamisha kichwa kutazama taa za rimoti, na katika sekunde hizo nukta ikasogea karibu, ikapiga mabawa mara mbili, ikashuka nyuma ya miti.

Mwewe. Karani alimwona kwa macho yake mabovu.

"Iko wapi?" Fundi aliuliza. Anga ilikuwa tupu.

"Imeshuka," alisema. "Nyuma ya miti."

Sheria ya pili ya klabu ilikuwa kwamba ndege ikipotea, hakuna kuulizana nani kakosa. Kinachofanyika kwanza ni kurudia mikono. Mwenye ndege husimama pale pale alipokuwa, na rimoti imezimwa, anafumba macho, anaviacha vidole virudie kila vilichofanya, na mwangalizi husimama begani anarudia kila alichosema. Mwenyekiti huandika: sekunde ngapi kushoto, sekunde ngapi moja kwa moja. Halafu wanajua pa kutafuta. Jeti ikitoka nje ya mawasiliano hujizima injini, kwa hiyo isingeenda mbali sana. Ila ingeshuka kimya, kilo kumi na mbili za chuma moto na mafuta, bila kumwonya aliye chini.

Vidole vya Fundi vikaanza kurudia. Vilifika kwenye jua, vikasimama.

"Iko wapi?" Fundi alisema, macho yamefumbwa.

Hapo Karani alipata nafasi yake. Watu wote walikuwa wanamsubiri kwa huruma. Angesema, na mambo yangeishia pale.

"Ile pale," alisema. "Mashariki."

Mwenyekiti akaandika. Wakapanda magari yote tisa, wakaenda mashariki.

Walitafuta mpaka giza lilipoanza kuingia. Waligonga milango, waliuliza walinzi, fundi bati alipanda juu ya kila paa aliloruhusiwa. Hakuna aliyelalamika. Mkunga alitembea na miguu yake inayouma, akimwambia kila aliyefungua mlango, "Samahani mwanangu, tumepoteza ndege yetu," kana kwamba ni kuku. Karani alitembea nao, analia, na wote walidhani anamlilia Fundi.

Walikuwa wanarudi kwenye magari redio ya gari la mwenyekiti ilipotangaza. Ghala la magodoro limeteketea alasiri hiyo, upande wa mashariki wa mji. Chanzo hakijajulikana. Mlinzi mmoja amelazwa, ameungua vibaya.

Fundi alikaa chini barabarani, hapo hapo, na suruali yake safi. "Nimeua mtu," alisema.

"Hajafa," alisema mwenyekiti.

"Nimemchoma mtu moto."

Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, na Karani alisimama hatua tatu nyuma yake, midomo imeganda.

Jumapili asubuhi simu ya Karani iliita mara kumi na moja. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Dada yake mkubwa, ambaye waliishi naye, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Pokea simu ya mwenzio."

"Siwezi, dada."

"Amekukosea?"

"Hapana."

"Basi umemkosea wewe," dada mtu alisema, akaweka chai, akaondoka.

Kwa upande wa pili wa simu hiyo, Fundi alikuwa amekwisha kuelewa anavyoelewa mtu aliyekata tamaa. Nani atataka kuolewa na mtu aliyechoma ghala? Alimwelewa kabisa, hata hakumlaumu, na ndiyo maana ujumbe wa sauti aliouacha ulikuwa mpole.

"Karani wangu, najua umeogopa. Una haki. Hospitali wamenikataza kumwona yule mlinzi, wanasema ndugu tu. Nipo darasani kwa mwenyekiti, saa nane nakwenda polisi kujieleza mwenyewe. Nilitaka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu. Kula kitu, tafadhali. Basi."

Karani aliusikiliza mara moja tu. Ilikuwa saa sita na nusu. Alivaa gauni la kwanza lililomjia mkononi, akavaa miwani, akatoka mbio na ndala.

Aliwakuta katika darasa la udereva la mwenyekiti, chumba chenye alama za barabarani ukutani na vigari vya plastiki juu ya ubao mkubwa uliolazwa mezani. Wote walikuwepo. Walikuwa wamekubaliana kwenda polisi pamoja na Fundi, wote, na mkunga alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa ajili hiyo. Fundi alikuwa ameketi pembeni, hajanyoa, shati la jana.

Alipoinua uso aliona kwanza miwani.

"Haikwenda mashariki," Karani alisema akiwa bado mlangoni. Alishindwa kungoja hata pumzi irudi. "Nilionyesha mwewe. Sioni mbali. Sijawahi kuona mbali. Nilikuwa na miwani mkobani na sikuivaa kwa sababu naonekana mbaya nayo. Nilimwona akipiga mabawa, na bado nikasema imeshuka. Mliporudia mikono nikasema tena."

Gari lilipita nje, mlio wake ukaisha.

"Mimi nilisikia mlio upande wa jua," mkunga alisema polepole, kama anaongea na nafsi yake. "Nikajiambia ni uzee."

Fundi alisimama. Alimjia mpaka karibu, pale ambapo Karani angemwona hata bila miwani, na sura yake ilikuwa ya mtu asiyemjua.

"Jana ulinisikia nikisema nimeua mtu."

"Nilikusikia."

"Ulikuwa nyuma yangu pale pale. Ukanyamaza."

"Niliogopa, Fundi."

"Uliogopa nini? Miwani?"

"Kwanza miwani. Halafu nikaogopa nilichofanya. Halafu nikakuogopa wewe." Alikuwa anatetemeka mpaka miwani ikawa inateleza puani. "Nichukie baadaye. Sasa hivi kama haikwenda mashariki, imekwenda wapi?"

Swali hilo liliwaamsha wote. Fundi akageuka, akamtazama mwenyekiti, na Karani akaona hofu mpya inamwingia. Ghala la magodoro lilikuwa limetoka begani mwake, lakini upande wa jua hakukuwa na maghala. Kulikuwa na nyumba za watu.

"Simameni," alisema mwenyekiti. "Wote wawili. Tunarudia."

Fundi alishika rimoti iliyozimwa, akafumba macho. Karani akasimama begani kwake. Hakumgusa. Vidole vikaanza: kuruka, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzunguko wa nne. Kona. Jua.

"Iko wapi?" Fundi alisema.

"Siioni," alisema Karani.

Ndilo neno alilopaswa kulisema jana. Vidole vya Fundi vilisita, halafu vikaendelea na yale yaliyofanyika kweli: kijiti kikarudi katikati, jeti ikawekwa sawa, sekunde tisa. "Kona ilikuwa haijafika hata nusu," alisema, macho bado yamefumbwa. "Niliinyoosha ikiwa inatazama magharibi. Niliituma mwenyewe."

Mwenyekiti alichukua kigari kimoja cha plastiki, akakisukuma juu ya ubao kufuata hesabu zake, akahesabu na upepo. Kigari kilipita barabara kuu, kikapita soko, kikasimama. Fundi bati aliinama kutazama.

"Hapo ni shule ya msingi," alisema.

Wote wakakimbilia magari.

Lango la shule lilifungwa kwa mnyororo. Wakati mwenyekiti anamtafuta mwalimu mkuu kwa simu, fundi bati alikuwa amekwisha kupanda kwenye mti wa jirani. Alikaa huko juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lipo tundu," alisema hatimaye. "Kwenye paa la darasa la mwisho."

Karani akatafuta mkono wa kushika, akaupata, na ulikuwa mkono wa Fundi, baridi kama bati. Haukumkaribisha, lakini haukumwachia.

Mwalimu mkuu alifika kwa miguu, mama mfupi mwenye kilemba cha zambarau, funguo mkononi. Alifungua darasa bila kuuliza kitu. Jua lilipita kwenye tundu la paa likaanguka katikati ya chumba. Jeti ilikuwa imeingia kwa pua. Dawati la safu ya pili lilikuwa limepasuka vipande viwili, benchi lake limevunjika, na mbao za miguuni zimelowa mafuta ya taa. Mabawa yalikuwa yamebaki juu, yamening'inia kwenye boriti. Harufu ilikuwa kali. Haikuwaka tu, kwa sababu isiyojulikana na yeyote kati yao.

"Jana ilikuwa Jumamosi," Fundi alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Hapakuwa na mtu."

"Darasa la saba wana masomo ya ziada Jumamosi," alisema mwalimu mkuu. "Wanatoka saa nane."

Jeti ilipotea saa tisa na robo. Kila mmoja alipiga hesabu hiyo kimoyomoyo. Mkunga alikwenda kwenye dawati lile, akashika ubao uliopasuka kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Karani alikuwa anaona kila kitu. Kwa miwani aliziona mpaka herufi zilizochongwa kwa kisu kwenye ubao wa dawati, majina mawili ya wasichana na moyo uliopindapinda, na akajua kwamba wangekuwa wawili.

Simu ya mwenyekiti iliita. Ndugu wa mlinzi: amefumbua macho, amezungumza, na zimamoto wamesema ni waya wa umeme. Mwenyekiti alitangaza, na watu wakashusha pumzi, kisha wakaona aibu kwa kufurahia. Fundi alikuwa analitazama dawati.

Walitoka nje. Fundi bati alikuwa ameanza kupima paa, wengine wanabeba mchanga wa kumwagia mafuta, bila kutumwa na mtu. Mwenyekiti akamvuta Karani kando.

"Sikiliza, binti. Anayejibu ni mwenye ndege, ndiyo kanuni. Wewe hujaandikwa popote. Nitakuitia gari uende nyumbani."

"Nenda," Fundi alisema. Alikuwa amesogea, amesikia. "Sikwambii kwa hasira. Hasira ninayo, lakini siyo hiyo. Wazazi wakija hapa patakuwa pabaya. Nenda, nitakupigia jioni."

"Utanipigia kweli?"

"Nitakupigia."

"Na nisipoondoka?"

Fundi alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu watoke darasa la udereva. Akanyoosha kidole, akaipandisha miwani iliyokuwa inateleza, akairudisha mahali pake. "Kumbe ndiyo sura yako," alisema.

Mwalimu mkuu aliwaita ofisini. Palikuwa na meza, kabati la vitabu, saa ya ukutani na viti vya wageni vimesukumwa ukutani. Alikaa, akawaangalia kama anavyoangalia walioletwa kwake kila siku.

"Ndege ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Fundi. "Na mimi ndiye niliyekuwa naiendesha. Kosa ni langu."

"Na mimi ndiye niliyemwonyesha njia isiyo," alisema Karani. "Nilikuwa sioni, na nilijua kwamba sioni. Akiandikwa yeye, niandikwe na mimi."

"Wewe, dada, ni nani wake?"

Fundi alifumbua mdomo kumjibia, kumwondoa katika jambo lile kwa neno moja, jirani, rafiki, mtu tu. Karani akamtangulia.

"Mchumba wake."

Fundi aligeuka taratibu.

"Tangu lini?" alimnong'oneza.

"Tangu pale darasani, begani kwako. Ukikataa, sema sasa hivi, mwalimu anasubiri."

Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa jana, kuliko alivyoogopa siku nyingine yoyote, na safari hii hofu yote ilionekana, haikuwa na pa kujificha. Fundi aliona. Alipangusa macho kwa mkono wa shati la jana.

"Ni mchumba wangu, mwalimu," alisema.

Mwalimu mkuu aliwatazama kwa zamu, hakutabasamu.

"Basi vuteni viti mkae," alisema. "Nimeshawaita wazazi wa wale wasichana wawili wa dawati lile. Wako njiani."

Wakavuta viti, wakaviweka karibu karibu, wakakaa kuwasubiri.